Vinusi Vilivyogeuka Wanusi

Katika chumba cha nyuma cha kliniki moja ya meno alifanya kazi mwanamke aliyeitwa Hamahama. Wazazi wake hawakumpa jina hilo. Alibandikwa na wifi yake, dada wa mumewe, kwa sababu kitanda nyumbani kwake hakijawahi kumaliza miezi mitatu kwenye ukuta mmoja. Leo kabati liko dirishani, kesho liko mlangoni, keshokutwa mgeni anaingia na kujigonga ugoko kwenye meza ambayo juzi haikuwepo hapo. Mumewe, fundi wa lifti, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alikuwa amejizoeza kuingia sebuleni akiwa ametanguliza mikono kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Daktari aliwang'atisha wagonjwa kinyunga laini kule mbele, kisha alama za vinywa vyao zikaletwa kwake kwenye trei. Yeye alimimina plasta ndani ya alama hizo, akangoja ikauke, akaibandua, akabaki ameshika taya la mtu ambaye huenda asingemwona maishani. Juu ya taya hilo alijenga fizi za nta na kupanga meno moja moja, akiyasogeza kwa kisu kilichopashwa moto hadi yakakaa yanavyotakiwa kukaa. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Wagonjwa walimwambia daktari, "Hata mke wangu hakujua kama si yangu," na daktari akaitikia sifa hizo kwa niaba ya wote.

Plasta ilichukua dakika kumi na mbili kukauka. Ndani ya dakika hizo Hamahama aliandika riwaya.

Kwa miaka tisa aliandika hivyo, amesimama, daftari likiwa juu ya ndoo ya unga wa plasta, vidole vyeupe mpaka kwenye vifundo. Ilikuwa riwaya ya nchi isiyokuwepo, yenye nguvu za ajabu na viumbe wasio binadamu. Alikuwa na madaftari saba. Katika madaftari hayo mlikuwa na watu walioitwa Pandembili, wenye uso mbele na uso nyuma, ambao hawakuwa na neno la kurudi, kwa kuwa kwao kila safari ilikuwa ni kwenda. Mlikuwa na viumbe waliokaa ndani ya mwangwi na kufa pale penye ukimya. Mlikuwa na sheria za ndoa zao, chakula chao, jinsi wanavyozikana na jinsi wanavyotukanana. Kilichokosekana ni hadithi. Kila alipotaka kuianza aligundua kwamba kuna sheria moja imekaa vibaya, akaisogeza, na ikisogea hiyo, nyingine kumi zikayumba.

Neno lenyewe la zile nguvu lilimsumbua miaka miwili. Aliandika "uchawi", akalifuta, kwa sababu lilileta harufu ya watu kunyoosheana vidole na nyumba kuchomwa. Akaandika "uganga", likamletea mizizi na chupa. "Miujiza" ilikuwa na wenyewe, wangemjia juu. "Mazingaombwe" yalimkumbusha yule mtu aliyekuja shuleni kwao na kutoa njiwa kwenye kofia, na njiwa akamchafua mwalimu mkuu. Mwishowe, siku moja akiwa anakwangua nta kwenye taya moja ili aiongeze kwenye taya lingine, alipata neno lake: utwazi. Nguvu ya kutwaa. Anayetaka moto jikoni kwake anautwaa mahali, na pale alipoutwaa panapoa. Anayetaka nguvu miguuni anaitwaa kwenye mguu wa mtu. Hamahama alifurahi siku nzima. Siku ya pili akaanza kujiuliza: anaitwaa kwa nani? Kwa jirani? Kwa adui? Kwa yeyote aliye karibu? Akabadilisha jibu mara kumi na moja, na kila jibu lilivunja daftari zima.

"Andika tu lolote uendelee mbele," mumewe alimwambia siku moja, akimwona anazunguka meza.

"Nikiandika tu, itakuwa kama lifti yako iliyofungwa tu. Utaipanda?"

Fundi lifti akafikiri. "Siipandi," alikiri, akarudi kwenye gazeti lake.

Mambo yalibadilika mama mkwe alipokuja kukaa nao.

Alikuwa mama wa miaka sabini na mbili, aliyekuwa mpokea simu katika ofisi kuu ya simu enzi zile ambapo ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine ulipitia kwanza kwenye masikio ya mwanamke kama yeye. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja. Sasa goti lilikuwa limefanyiwa upasuaji, nyumba yake ilikuwa na ngazi, na mwanawe akasema, "Mama, njoo kwetu, hatuna hata ngazi moja." Akaja na sanduku, redio na mkongojo.

Hamahama hakuwa na ugomvi naye. Lakini mtu unayemtembelea mara nne kwa mwaka ni mmoja, na mtu unayempitia kwenye korido kila asubuhi ni mwingine. Mama mkwe alikuwa na mambo yake. Kwanza, hakuingia chumba chochote bila kusimama mlangoni na kunusa mara mbili: nf, nf. Angeweza kuwa anaingia chumba alichotoka sasa hivi, atanusa. Pili, aliuliza swali lile lile mara tatu. "Umesema unarudi saa kumi? Saa kumi? Kumi kamili?" Na tatu, hakusema ahsante. Ukimpa chai, ukimpa dawa, ukimpa kiti, alikuangalia na kusema, "Nimepokea." Basi. Kama karani wa mizigo.

Miezi ya mwanzo Hamahama alimtengenezea meno, seti nzima, juu na chini. Aliyafanya kwa mapenzi kabisa. Alitafuta picha ya ujanani ya mama mkwe, akaona jino moja la mbele lilimpanda mwenzake kidogo, akalipanga vile vile. Mama mkwe alipojitazama kwenye kioo aligusa lile jino kwa kidole. Akafunika mdomo, akafunua, akafunika tena. Kisha akamgeukia mkwewe na kusema, "Nimepokea."

Hamahama alirudi kazini siku hiyo anawaka. Akamimina plasta, akafungua daftari la nane, na ndani ya dakika kumi na mbili kikazaliwa kinusi.

Hakujilazimisha hata kidogo. Kwa mara ya kwanza ndani ya miaka tisa maneno yalimjia mbio. Kinusi kilikuwa kiumbe kifupi chenye fizi tupu. Kilisimama mlangoni pa nyumba, kikanusa mara mbili, na kwa pumzi hizo mbili kilitwaa kila kitu mwenye nyumba alichokijua kuhusu nyumba yake, hata mwenye nyumba akawa haoni tena kabati liko wapi. Vinusi viliuliza kila swali mara tatu. Anayejibu mara ya tatu alipoteza sauti. Meno havikuwa nayo, viliyatwaa vinywani mwa watu vilivyowashinda. Na vikishatwaa vilisema neno moja tu: "Nimepokea."

Aliandika sura nne kwa wiki mbili. Wasaidizi wa kliniki waliona mataya yanakaa mezani yamekauka na fundi hana habari nayo. Sura zile zilikuwa nzuri, alijua. Zilikuwa na meno. Alizisoma peke yake akiwa kwenye kituo cha basi, akacheka mpaka mama mmoja akasogea mbali naye.

Jumamosi moja Wifi alikuja kumsalimu mama yake. Wifi alikuwa karani wa shule, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mweupe, anayekupenda huku akikusema. Mama mkwe alihisi baridi akamtuma blanketi. Wifi akaenda pale kabati la mablanketi lilipokuwa mwezi uliopita, akakuta rafu ya vitabu. Akapekua huku na huku, akafungua sanduku chini ya dirisha, na badala ya blanketi akakuta madaftari manane. La juu lilikuwa wazi.

Hamahama alikuwa jikoni. Alichosikia ni kicheko cha Wifi, cha kwanza, cha pili, kisha kicheko kikakatika katikati kama redio iliyochomolewa.

Wifi alitokea mlangoni ameshika daftari kwa vidole viwili.

"Wifi. Hiki kinachosema 'nimepokea' ni nini?"

"Ni kiumbe. Cha kubuni."

"Kinachonusa mlangoni mara mbili?"

"Wifi, ni riwaya tu."

"Kinauliza mara tatu? Wifi yangu, mimi nimeishi na mwanamke huyo miaka hamsini. Umemgeuza mama yangu jini!"

"Si jini," Hamahama alisema, na hapo alikosea njia kabisa, kwa maana badala ya kuomba radhi alianza kufafanua. "Majini ni kitu kingine. Hivi ni vinusi, vina utwazi wake wa pua, sheria zake ni tofauti na..."

"Sheria!" Wifi akapaza sauti. "Mama! Mama, njoo usikie sheria zako!"

Mume wa Hamahama, aliyekuwa anafunga balbu kwenye korido, alishuka kwenye ngazi yake polepole, akatazama uso wa dada yake, akatazama uso wa mkewe. "Mimi simo," alisema, akapanda tena.

Wifi alimsomea mama yake ukurasa mzima, pale pale sebuleni, kwa sauti ya karani anayesoma majina ya waliofeli. Hamahama alisimama karibu na mlango. Alitamani sakafu ipasuke immeze. Mama mkwe alisikiliza amefumba macho, kichwa kimeinama upande mmoja. Wifi alipomaliza, mama mkwe aliinua mkono, akatia vidole mdomoni, akatoa meno ya juu. Akatoa ya chini. Akayafunga kwenye leso yake, akaiweka mezani, akaisukuma taratibu mpaka upande wa pili.

"Mpe fundi meno yake," alimwambia binti yake. Bila meno maneno yalitoka laini na yenye upepo, lakini kila mtu aliyasikia.

Siku kumi na nane mama mkwe alikaa bila meno. Hakununa kwa kelele, ingekuwa afadhali. Aliamka, akasalimu, akala supu na vitu vya kusagwa, akasikiliza redio. Mlangoni hakunusa tena. Alisimama, akajizuia, pua ikitetemeka, akaingia. Aliuliza kila kitu mara moja tu, halafu akawa na wasiwasi mchana kutwa, anashika saa, anaiweka chini. Na Hamahama akimpa chai, aliitikia kwa kichwa tu.

Hamahama hakupata pa kutulia. Alihamisha kitanda, akakirudisha, akakihamisha tena mpaka mumewe akauliza kama angetaka wahamie juu ya paa. Kazini aliharibu seti mbili, jambo ambalo halijawahi kutokea; moja ilikuwa na meno ya chini juu na ya juu chini, na daktari aliishika mkononi muda mrefu akitafuta neno la kistaarabu. Leso ile yenye meno aliibeba kwenye mkoba wake kwenda kazini na kurudi. Alijaribu kuandika barua. Alijaribu kuzichana zile sura nne, akafika mpaka kuzishika kwa mikono miwili, mikono ikakataa. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi: aibu ilikuwa ya kweli, na bado alijua zile ndizo kurasa pekee zenye uhai katika madaftari yote.

Siku ya kumi na tisa aliomba ruhusa mapema, akarudi nyumbani saa nane mchana. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Hamahama alikaa chini, kwenye zulia, akaweka leso magotini.

"Mama, nimekukosea. Sina la kujitetea. Nitazichoma zile kurasa, wewe mwenyewe uone."

Mama mkwe alimtazama. "Ziko ngapi?"

"Sura nne."

"Na binti yangu amenisomea ukurasa mmoja." Akauweka mkongojo pembeni. "Lete zote. Soma tangu mwanzo."

"Mama, ni mbaya zaidi ya hapo."

"Sijakuuliza. Miaka thelathini na moja nimesikiliza watu wakisemana kwenye simu wakidhani sipo. Hakuna ubaya ambao sijausikia. Ila nusunusu ndiyo siitaki. Soma."

Akasoma. Alianza kwa sauti ya mtu aliyeshikwa akiiba, kisha, bila kutaka, sauti ikapata nguvu. Kwenye sura ya pili, pale kinusi kinapotwaa meno ya mfalme katikati ya hotuba na mfalme anabaki akipuliza, mama mkwe alitoa mlio puani. Hamahama aliinua macho. Mama mkwe alikuwa amefunika mdomo.

Alipomaliza sura ya nne jua lilikuwa limehamia ukuta mwingine.

"Nina maswali," alisema mama mkwe. "Mbona unasema 'kinusi kile kilikuja'? Kilikuja, kilinusa, kikaondoka. Kama ndoo. Kama kiti. Wale wenye nyuso mbili umesema walikuja, waliondoka. Hawa wa kwangu wamekosa nini wasiwe wa-?"

Hamahama alipekua kurasa kurudi nyuma. Miaka yote aliyokuwa akizisogeza sheria, hiyo hakuwahi kuiona. Ilikuwa imejikalia kwenye kila sentensi.

"Niliandika nikiwa na hasira," alisema.

"Naelewa. Swali la pili. Wananusa kwa nini?"

"Ili watwae."

"Hiyo ni kazi ya kunusa. Nauliza sababu. Nani kawaanzisha? Mtu haanzi tu kusimama mlangoni ananusa kama mbwa." Akageukia dirisha. "Hujawahi kuniuliza."

Ni kweli, hakuwahi. Hamahama alifunga daftari. "Nakuuliza sasa, Mama."

Ndipo mama mkwe akamsimulia. Palikuwa na chumba cha mitambo, wanawake kumi na wanne wamekaa mstari mmoja, nyaya mbele yao kama nywele. Mwaka wake wa tatu kazini alisikia harufu ya kitu kinachoungua. Akasema. Msimamizi akanusa, akasema hakuna kitu, kaa chini, una simu tatu zinangoja. Akasema tena. Wenzake wakamcheka: huyu na pua yake, labda ni mjamzito. Akakaa chini. Robo saa baadaye ukuta wa nyuma uliwaka. Hakufa mtu, lakini rafiki yake aliyekaa kushoto kwake aliungua mikono yote miwili, na hakushika waya tena maishani.

"Nilisema mara mbili," alisema mama mkwe. "Ningesema mara ya tatu, je? Tangu siku hiyo sikuuliza jambo wala kulisema chini ya mara tatu. Na sikuingia chumba kabla pua yangu haijaingia."

Hamahama aliikunja leso upya magotini.

"Na 'nimepokea'?" aliuliza baadaye, taratibu.

"Kazini ahsante ilikatazwa. Ilikuwa ni porojo, inakula muda wa mteja. Ukipewa ujumbe unajibu 'nimepokea', na lazima uwe umeupokea kweli, neno kwa neno, kwa sababu ni wewe utakayeulizwa." Alinyoosha kidole kwenye leso. "Ulipopanga lile jino langu lililopanda, nilitaka kusema kitu. Sikuwa na neno lingine kubwa kuliko hilo."

Akafungua leso mwenyewe. Akayatazama meno, akayapuliza, kisha akampa mkwewe. "Yaoshe. Siku kumi na nane kwenye mkoba na vumbi lako la plasta. Yaoshe vizuri."

Kuanzia siku iliyofuata mama mkwe alitoa amri: kila saa kumi na moja jioni, kabla ya taarifa ya habari, asomewe kilichoandikwa. Na hapo Hamahama alikutana na jambo ambalo hakulitegemea. Mama mkwe alikumbuka kila kitu. Aliyewahi kubeba namba mia nne kichwani hakushindwa kubeba sheria za nchi isiyokuwepo.

"Simama hapo. Jumanne ulisema moto uliotwaliwa hauunguzi nguo. Leo kanzu ya mtu imeungua."

"Nimebadilisha, Mama. Sasa unaunguza."

"Umebadilisha kwa ruhusa ya nani? Mimi nimeshapokea."

"Ni kitabu changu!"

"Na masikio ni yangu. Jumanne nimelala nikijua nguo haziungui. Siwezi kulala kila siku katika nchi nyingine."

Waligombana. Hamahama alikuwa mtu wa kusogeza, na sasa mtu alikuwa amekalia kila alichotaka kusogeza. Alirudi chumbani akafunga mlango kwa nguvu, akatembea kutoka ukuta hadi ukuta. Lakini sheria ya moto ikabaki ilivyokuwa Jumanne. Na kwa kuwa ilibaki, kanzu haikuungua, na kwa kuwa haikuungua, yule mtu hakuwa na sababu ya kukimbia, ikabidi abaki chumbani na Mnusi, kama kinusi alivyoitwa sasa, aliyesimama mlangoni, na ikabidi wazungumze. Yalikuwa mazungumzo ya kwanza katika kitabu kizima yaliyompeleka mtu mahali. Hamahama aliyaandika amesimama, mkono ukimuuma. Bila kujua, alikuwa ameanza hadithi.

Hata lile swali la mara kumi na moja, kwamba anayetwaa anatwaa kwa nani, lilijibiwa vile vile. Alisoma jibu la kumi na mbili siku moja kwa haraka, akinuia kulibadilisha kesho yake: mtu anatwaa kwa yule anayemfahamu, na kadiri anavyomfahamu ndivyo anavyoweza kutwaa zaidi. Mama mkwe aliinamisha kichwa upande mmoja. Akasema, "Nimepokea." Ikawa imekwisha.

Hamahama alifuta vi- kila mahali, ukurasa kwa ukurasa, akaandika wa-. Wanusi walikuja, Wanusi walinusa. Ilimchukua wiki, kwa sababu haikuwa kazi ya herufi peke yake. Kila mara alipoandika "alisimama mlangoni" badala ya "kilisimama", ilibidi ajue huyo aliyesimama anaogopa nini. Wengine aliwapa watoto. Mmoja akampa goti bovu. Wiki mbili baadaye mama mkwe alimkatiza.

"Sasa umezidisha. Jana Mnusi amemrudishia mfalme meno, leo amemtunza mgonjwa. Kesho atafanya nini, ataota mbawa? Usinifanye malaika. Mimi nilipenda alipomtwalia mfalme meno. Yule mfalme alistahili."

"Lakini Mama, nilikuwa nataka..."

"Ulikuwa unaomba radhi. Nilishazipokea. Mrudishie Mnusi meno yake."

Kitabu kiliisha baada ya mwaka mmoja na miezi miwili. Goti lilikuwa limepona siku nyingi, lakini mama mkwe hakutaja kuondoka, wala hakuna aliyemuuliza. Wifi alijitolea kukichapa kwenye kompyuta ya shuleni saa za mapumziko. Alichapa kurasa mia tatu na kumi, akaja nazo Jumamosi zimefungwa kwa mpira, uso umemvimba.

"Nimesoma yote," alisema. "Mama yumo. Kaka yangu yumo, yule anayepanda ngazi vita vikianza. Hata daktari wako yumo. Mimi je? Miaka ishirini na mbili nakuita wifi, sikustahili hata jini mmoja?"

"Wifi, si majini."

"Usinianze!"

Walicheka, Wifi akiwa bado amekasirika. Hamahama akamwahidi kiumbe chenye sauti. Wifi akasema kiwe cha wa-, na kiwe kirefu.

Waliutuma mswada kwa mchapishaji mmoja. Miezi mitano Hamahama hakukaa kiti kimoja. Jibu lilipokuja lilikuwa la mhariri mwanamke, la upole, lenye sharti: vita vya mwisho vilikuwa vifupi, visivyopiganwa, wasomaji wangetaka vita. Hamahama hakutaka. Mama mkwe alivitaka sana, na alijua nani afe. Hamahama aliviandika kwa siku kumi na moja, akavichukia, akavitoa vyote, akarudisha nusu. Mhariri alikubali nusu.

Kisha wakampigia kwamba kitabu kimeingia kiwandani. Alikuwa sokoni ananunua vitunguu. Alishukuru, akakata simu, akasimama katikati ya watu akiwa na furaha ya kama hatua ishirini hivi, na kwenye hatua ya ishirini na moja akajua kwamba mto unaoigawa nchi yake ya kubuni umekosewa jina. Jina lililokuwemo kitabuni ni jina wanalouita watu wa ng'ambo hii. Wanusi, waliokaa ng'ambo ile, wasingeuita hivyo hata kidogo. Akaacha vitunguu, akapiga simu.

"Mto umeshachapwa, mama," alisema mhariri.

"Kurasa zote?"

"Zote."

Alifika nyumbani ana kwikwi ya hasira. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake anabadilisha betri za redio. Hamahama akamweleza yote kwa pumzi moja, mto, ng'ambo hii, ng'ambo ile, mhariri, kiwanda.

"Kwa hiyo Wanusi wanauitaje?" aliuliza mama mkwe.

"Ndiyo sijui bado."

"Hujui?"

"Sijui, Mama."

"Hujui kabisa?"

Hamahama alivuta kiti, akakaa ukingoni, akasimama, akakaa tena. Kisha akaanza kutafuta kalamu.